Kanda za Kuokotwa: Dallas, Houston na Filamu ya Kutisha ya Apollo 18

Siku ya Ijumaa, Septemba 2, 2011, majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha filamu iliyodai kuwa haikutengenezwa na mtu. Jina lake Apollo 18. Mwongozaji wake alikuwa Mhispania Gonzalo López-Gallego, na mtayarishaji Timur Bekmambetov. Maandishi ya mwanzo yanamwarifu mtazamaji kwamba saa 84 za picha za siri zimevuja na kuwekwa kwenye tovuti, na kwamba atakachokiona kimekatwa humo. Bob Weinstein, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyoisambaza, alikwisha kuliambia jarida la Entertainment Weekly kuwa wao hawakupiga picha yoyote, waliiokota tu. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, likalazimika kueleza kwa upole kwamba ile ni hadithi ya kubuni.

Kwa nini hadithi ya kubuni ikatae kuitwa hadithi? Sanaa ya kusimulia imejivunia ubunifu wake tangu kale, na msimulizi wa ngano husema tangu mwanzo kwamba anatunga ili wasikilizaji wamwitikie. Filamu za kanda za kuokotwa hufanya kinyume. Huficha mtunzi, huficha mwigizaji, huficha hata ustadi. Nguvu na udhaifu wa Apollo 18 vyote vinatokana na kificho hicho, na mahali pazuri pa kuvipimia ni jimbo la Texas. Mjini Dallas ulipigwa mkanda wa kweli unaojulikana kuliko mingi duniani. Mjini Houston ndiko kilipo chumba kilichoongoza safari za Mwezini, ambazo filamu hii imeziazima. Na katika misitu ya mashariki mwa Texas uliokotwa, mwaka 2003, mkanda ambao hakuna mtunzi wa hofu angethubutu kuubuni.

Mtindo wenyewe si wa jana. Mwaka 1980 Mtaliano Ruggero Deodato alitoa Cannibal Holocaust, filamu ya wapiga picha waliopotea msituni ambao kanda zao zinapatikana baada ya kifo chao. Wakuu wa sheria wa Italia waliikamata, na mwongozaji akalazimika kuthibitisha kwamba waigizaji wake wangali hai. Mwaka 1999 Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliitoa The Blair Witch Project, iliyopigwa kwa siku chache katika misitu ya Maryland. Waigizaji walitumia majina yao halisi, mabango ya kuwatafuta yakabandikwa, na mama wa mwigizaji mmoja akaletewa kadi za rambirambi ilhali binti yake ni mzima. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 248 duniani. Kisha Oren Peli akapiga Paranormal Activity nyumbani kwake kwa gharama inayotajwa kuwa dola 15,000 hivi, nayo ikavuna zaidi ya dola milioni 190. Tangu hapo kila kampuni ilitaka mkanda wake wa kuokota. Apollo 18, iliyogharimu takriban dola milioni 5, ni mtoto wa tamaa hiyo, lakini ni mtoto aliyechagua ukoo mkubwa wa kujinasibisha nao.

Ukoo huo unaanzia Dallas. Alasiri ya Novemba 21, 1963, Rais John F. Kennedy alitua Houston, akahutubia wageni jioni, kisha akaruka usiku kwenda kulala Fort Worth. Asubuhi ya Novemba 22 alipanda ndege ya dakika chache hadi Dallas. Saa sita na nusu mchana msafara wake ulipita katika bustani ya Dealey Plaza. Mfanyabiashara wa nguo za kike, Abraham Zapruder, mhamiaji aliyezaliwa katika Milki ya Urusi, alikuwa amesimama juu ya kiunzi cha zege na kamera yake ya Bell & Howell ya milimita 8. Kwa kuwa alisumbuliwa na kizunguzungu akiwa juu, karani wake alimshika kwa nyuma. Alipata fremu 486, yaani sekunde 26 na ushei, zisizo na sauti. Ndani yake rais anauawa.

Watunzi wa filamu za hofu wamejifunza kwa mkanda huo, wakijua au wasijue. Kwanza, kamera ya Zapruder ina sababu ya kuwapo. Baba wa familia anampiga picha rais anayepita, na hakuna anayehitaji kueleza zaidi. Pili, kamera haijui kinachokuja. Inafuata gari kwa furaha, na furaha hiyo inaendelea sekunde kadhaa baada ya msiba kuanza. Tatu, jambo muhimu linapita nyuma ya kizuizi: bango la barabarani linalifunika gari kwa muda mfupi, na linapotokea upande wa pili rais amekwisha kujeruhiwa. Hakuna mwongozaji aliyeliweka bango hilo pale. Limekuwa hapo kama mambo yalivyo duniani, na kwa sababu hiyo jicho la mtazamaji hurudi kwake mara elfu. Nne, mpiga picha hakuacha kupiga. Wanaouliza kwa kejeli kwa nini watu katika filamu hizi hawaitupi kamera wakimbie, wana jibu Dallas: jicho la Zapruder lilibaki kwenye kioo hadi gari lilipopotea chini ya daraja.

Kuna somo la tano, nalo husahaulika. Zapruder aliyauzia magazeti ya Life haki za mkanda kwa dola 150,000, na 25,000 kati ya hizo akazitoa kwa ajili ya mjane wa polisi J. D. Tippit, aliyeuawa siku ile ile. Alishikilia kwamba picha zisitumiwe kwa kukosa staha. Mjukuu wake, Alexandra Zapruder, ameandika kwamba babu aliota yuko New York, katika Times Square, akimwona mpiga debe mlangoni mwa ukumbi akiwaita wapita njia waingie kuona kichwa cha rais kikipasuka. Mwanzoni Life lilichapisha fremu nyingi na kuiacha ile ya 313, ya risasi ya kichwani. Umma haukuuona mkanda ukitembea katika televisheni ya taifa hadi Machi 6, 1975.

Staha ile ilikuwa na gharama. Katika miaka zaidi ya 11 ambayo mkanda ulifungiwa, uvumi ulishika nafasi ya picha. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kwa Dallas lilikuja kwa mafuriko. Mkanda ulipoonekana haukuuzima uvumi, bali uliupa kuni mpya. Fremu zile zile ziliwathibitishia wengine kuwa muuaji alikuwa mmoja, na wengine kuwa walikuwa wawili. Ndipo ilipobainika kwamba picha ya kweli haijisemei yenyewe. Mwaka 1999 serikali ya Marekani iliilipa familia ya Zapruder dola milioni 16 kwa mkanda huo, na hadi leo kinachobishaniwa ni kile kile.

Houston ilipata picha zake kwa njia nyingine. Kituo cha safari za binadamu angani kilijengwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1965 safari za Marekani zikawa zinaongozwa kutoka humo. Kabla ya hapo mtandao wa vituo vya kusikilizia ulizunguka dunia, na kimoja kilikuwa Tunguu, kisiwani Unguja. Chombo cha John Glenn kilipozunguka dunia mwezi Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masikio yake. Wengi kisiwani hawakuambiwa vya kutosha kuhusu minara ile, na palikuwa na madai kwamba ni ngome ya makombora. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea Waamerika walihamishwa kwa manowari, na mwaka huo huo kituo kikaondolewa. Hapa pia, palipokosekana maelezo uvumi ulijaza pengo. Kizazi kimoja baadaye, mwaka 1995, visiwa hivyo hivyo vilitikiswa na hofu ya popobawa. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwashwa, na hapakuwa na picha hata moja ya kiumbe huyo. Hofu haihitaji kuonyeshwa kitu. Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza.

NASA ilichukua njia ya kuonyesha karibu kila kitu. Julai 20, 1969, zaidi ya watu nusu bilioni walitazama hatua za kwanza Mwezini zikirushwa moja kwa moja. Lakini kuonyesha si kuhifadhi. Mwaka 2009 NASA ilitangaza kuwa kanda asilia zilizonasa picha bora zaidi za usiku ule huenda zilifutwa na kutumiwa tena, kwa kuwa shirika lilikuwa na uhaba wa kanda. Kilichobaki ni nakala za vituo vya televisheni, ambazo zilisafishwa upya. Taifa lililotumia mabilioni ya dola kufika Mwezini lilifuta ushahidi wake wenyewe kwa kubana matumizi. Mtunzi wa hadithi za njama angesema ni siri kuu, kumbe ulikuwa uzembe wa ghala.

Apollo 18 ya kweli ipo katika kumbukumbu hizo kama safari iliyokufa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1970 safari tatu za mwisho zilifutwa kwa sababu ya bajeti, na mguu wa mwisho wa binadamu ukaondoka Mwezini na Apollo 17, Desemba 1972. Roketi iliyokuwa imekusudiwa kwa ajili ya Apollo 18 iligawanywa. Sehemu zake mbili za chini zilikirusha angani kituo cha Skylab mwezi Mei 1973. Sehemu ya tatu haikuruka. Imelazwa Houston, ndani ya jengo la maonyesho, pamoja na sehemu za roketi nyingine zilizounganishwa nayo kufanya Saturn V moja nzima. Watoto wa shule hupita kando yake wakihesabu hatua zao.

Filamu inaanzia kwenye pengo hilo, na hiyo ndiyo nguvu yake ya kwanza. Badala ya kubuni historia mpya, inauliza: je, kama safari hiyo haikufutwa, bali ilifanywa siri? Wanaanga watatu wanarushwa mwezi Desemba 1974 kwa amri ya Wizara ya Ulinzi. Wawili, Nathan Walker na Ben Anderson, wanatua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, na wa tatu anabaki akizunguka juu. Wanakuta nyayo zisizo zao, kisha chombo cha Kisovieti na maiti ya mwanaanga wa Kirusi. Jambo hili nalo lina mzizi. Wasovieti walikuwa kweli na chombo cha kutua Mwezini. Walikijaribu bila binadamu katika mzingo wa dunia mwaka 1970 na 1971, roketi yao kubwa ikashindwa mara nne mfululizo, na kwa miaka mingi walikana kuwa walishiriki mashindano hayo. Mtazamaji anayeijua historia hiyo hushtuka zaidi, maana filamu imeweka uongo wake katikati ya siri mbili za kweli.

Nguvu ya pili ni sura ya picha. Watengenezaji walizingatia jinsi vyombo vya wakati ule vilivyoona: chembechembe za filamu ya milimita 16, rangi iliyofifia, televisheni inayokatika mistari, kingo zilizoungua kwa mwanga. Mwezi wa kweli hauna hewa ya kulainisha mwanga, kwa hiyo kivuli chake ni cheusi kabisa na palipo na jua panang'aa. Filamu inatumia weusi huo vizuri. Katika tukio lake bora, mwanaanga anashuka katika kasoko lisilofikiwa na jua, na hana taa isipokuwa mmweko wa kamera. Kila mmweko unafungua dunia kwa nusu sekunde na kuifunga. Mtazamaji anabaki akingoja mmweko unaofuata na kuuogopa kwa wakati mmoja. Kamera inayoficha na kufichua katika sekunde ile ile ndiyo kazi ya bango la Dealey Plaza, safari hii ikiwa imepangwa na mtunzi.

Nguvu ya tatu ni upweke. Nyumba yenye mizimu ina mlango, na msitu una barabara upande wa pili. Walker na Anderson wako umbali wa kilomita takriban 384,000 kutoka nyumbani, ndani ya chombo chenye nafasi ya watu wawili kusimama, na sauti pekee ya kuwafariji ni ile ya redio. Swali la kwa nini wasikimbie halina nafasi. Swali la kwa nini wanapiga picha nalo limejibiwa: wanaanga waliamriwa kupiga kila kitu. Filamu chache za mtindo huu zimeyamaliza maswali hayo mawili kwa wepisi kiasi hicho.

Udhaifu unaanza pale filamu inapoisahau kanuni yake yenyewe. Katika safari za Apollo filamu za milimita 16 na za kamera za Hasselblad zilirudi duniani mikononi mwa wanaanga. Kamera kadhaa ziliachwa Mwezini ili kupunguza uzito, lakini makasha ya filamu yalibebwa, maana bila makasha hakuna picha. Sasa mwisho wa Apollo 18 unaiangamiza njia hiyo. Anderson anaondoka na chombo cha Kirusi, kinakigonga chombo cha mwenzao angani, na hakuna anayerudi. Basi nani alizileta saa 84 za picha? Filamu haijibu. Kwa hadithi ya kawaida tundu hilo lingekuwa dogo. Kwa hadithi ambayo dai lake lote ni kwamba mkanda umeokotwa, kutojua uliokotwa wapi ni kuipoteza hoja yenyewe.

La kusikitisha ni kuwa Houston ya kweli ilikuwa na suluhisho. Desemba 14, 1972, Apollo 17 ilipoondoka Mwezini, kamera ya televisheni iliyoachwa juu ya gari lao la uchunguzi ilikuwa ikitazama. Ilielekezwa na mtu aliyeketi Houston, ambaye alituma amri mapema kwa kuwa mawimbi ya redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika. Kamera ilipanda ikikifuata chombo, kisha ikabaki ikitazama uwanda mtupu. Picha hiyo ya macho yaliyobaki baada ya watu kuondoka ina baridi kuliko buibui yeyote wa mawe. Filamu iliyoijenga hofu yake juu ya kamera hiyo ingekuwa na njia halali ya kufikisha picha duniani na pia sura ya mwisho isiyosahaulika.

Badala yake inaonyesha kiumbe. Mawe ya Mwezi, kumbe, yana miguu. Yanatembea kama kaa, yanaingia ndani ya nguo, yanaingia mwilini. Robo tatu ya kwanza ilimfundisha mtazamaji kuogopa kivuli, na robo ya mwisho inamwambia kivuli kilikuwa wadudu. Pia mkono wa mhariri unaanza kuonekana: pembe nyingi mno, mikato ya haraka mno, milio ya kushtua iliyopandikizwa mahali ambapo kamera ya mwaka 1974 ingetoa kimya. Zapruder alikuwa na pembe moja, na hiyo moja ilitosha.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa kimaadili, na ili kuuona hapana budi kurudi nyuma miaka minane. Asubuhi ya Jumamosi, Februari 1, 2003, chombo cha Columbia kilikuwa kinarudi duniani na watu saba baada ya siku 16 angani. Muda mfupi kabla ya saa mbili kamili asubuhi, saa za Texas, watu walioamka mapema katika eneo la Dallas na Fort Worth waliinua kamera zao kuutazama mstari wa mwanga, na mstari ukagawanyika mbele ya macho yao. Houston iliita na haikujibiwa. Mkuu wa zamu aliagiza milango ya chumba ifungwe na kila mtu ahifadhi kumbukumbu zake, kama utaratibu wa ajali unavyotaka. Mabaki yalidondoka kwenye mashamba na misitu ya mashariki mwa Texas hadi Louisiana. Maelfu ya watu walitembea bega kwa bega kuyatafuta, na vipande zaidi ya 80,000 vikaokotwa.

Katika mabaki hayo, karibu na mji wa Palestine, ulipatikana mkanda wa video. Sehemu kubwa ilikuwa imeungua. Zilisalia dakika 13 hivi, zilizopigwa na wanaanga wenyewe ndani ya chumba cha rubani. NASA iliutoa hadharani Februari 28. Wanaonekana wakivaa glavu, wakipeana kamera, wakitaniana, wakistaajabia mwanga unaowaka nje ya madirisha, ambao ni joto la kawaida la kuingia angahewa. Kisha mkanda unakwisha, dakika chache kabla ya dalili ya kwanza ya hitilafu. Hakuna kilio, hakuna king'ora. Anayeutazama anajua na wao hawajui, na ujuzi huo ndio uzito wote.

Mbele ya mkanda wa Palestine, Apollo 18 inaonekana kuwa imekosea shabaha. Katika filamu, Houston na wakuu wa ulinzi ni waongo wanaojua kila kitu. Wanajua kuna viumbe, wamewatuma watu makusudi, na mwisho wanamkataza Anderson kurudi. Uovu una mtu, mtu ana siri, na siri ina mkanda. Tume ya uchunguzi wa Columbia, iliyotoa ripoti yake Agosti 2003, iliikuta hadithi tofauti. Kipande cha povu kilikuwa kimebanduka wakati wa kuruka na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliomba mara kadhaa bawa lipigwe picha kwa vyombo vya Wizara ya Ulinzi. Maombi hayakufuata ngazi zilizotakiwa, viongozi hawakuona haja, na picha haikupigwa. Tume iliandika kwamba utamaduni wa taasisi ulichangia ajali kama povu lenyewe.

Hapo ndipo historia ya Houston inapoishinda filamu kwa kutisha. Hakuna aliyeficha picha iliyopigwa, kwa kuwa picha iliyohitajiwa haikupigwa kabisa. Watu waliosoma, wenye nia njema, walizoea kuona povu likibanduka bila madhara, na mazoea yakafanya kazi ambayo filamu imewapa majitu. Hadithi ya njama humliwaza mtazamaji kwa siri: inamhakikishia kwamba mahali fulani kuna mtu anayejua, na kwamba ukweli umehifadhiwa ndani ya kasha ukisubiri kuvuja. Ripoti ya Columbia haina liwazo hilo. Inasema kwamba mahali pa ukweli palikuwa wazi, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuangalia.

Isidhaniwe kwamba kwa hiyo mtindo huu haufai. Filamu za kanda za kuokotwa zina uwezo ambao riwaya na tamthilia hazina: kumweka mtazamaji katika nafasi ya anayejua mbele ya wasiojua, kama alivyo kila anayeutazama mkanda wa Dallas au wa Palestine. Apollo 18 inaufikia uwezo huo katika nusu yake ya kwanza, wakati wanaanga wake wanapopiga porojo, wanapokula, wanaposahau kamera. Pale wanafanana na watu. Inaupoteza pale inapoanza kuwatumia kama chambo. Na ulaghai wa matangazo yake, wa kudai picha ziliokotwa, unamdai mtazamaji imani ambayo filamu haiilipi. Zapruder alimwota mpiga debe mlangoni. Filamu hii ilimwajiri.

Kuna kazi nyingine ya kuokota iliyofanywa kati ya miji hii miwili, isiyo na kelele. Houston ilikuwa imehifadhi mazungumzo ya chumba cha kuongozea safari za Apollo katika kanda za sauti, kila mkanda ukiwa na mikondo 30 ya watu waliozungumza kwa wakati mmoja. Mashine iliyoweza kuzisoma ilibaki moja tu, nayo ilisoma mkondo mmoja kwa zamu. Kwa mwendo huo kazi ingechukua zaidi ya karne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas walibuni kichwa kipya cha kusomea mikondo yote kwa pamoja, na wakaokoa takriban saa 19,000 za sauti. Sehemu yake ilitumika katika Apollo 11, filamu ya kumbukumbu ya Todd Douglas Miller ya mwaka 2019, ambayo haina msimulizi na haihitaji kiumbe.

Katika saa hizo 19,000 wengi wanaosikika hawakuwahi kuonekana kwenye televisheni: wahandisi wa mafuta, wa hewa, wa umeme, wakiulizana tarakimu, wakisahihishana, wakingoja. Wakati mwingine mtu anasema hana hakika, na mwingine anamwambia aangalie tena.